Silikoni au Maji ya Chumvi: Kuchagua Kipandikizi cha Titi

Kipandikizi cha titi ni mfuko laini unaowekwa chini ya nyama ya titi, au chini ya msuli wa kifua, ili kuongeza ukubwa wa titi au kujenga upya lile lililoondolewa kwa sababu ya saratani. Aina zinazotumika ni mbili. Moja hujazwa jeli ya silikoni kiwandani na kufika chumba cha upasuaji ikiwa imeshafungwa. Nyingine hufika ikiwa tupu, na daktari huijaza maji ya chumvi baada ya kuiingiza mwilini. Maji hayo ni yale yale ya dripu ya wodini: gramu 9 za chumvi katika kila lita.

Ganda la nje la aina zote mbili ni silikoni. Mwanamke anayechagua maji ya chumvi kwa nia ya kuikimbia silikoni ameikimbia jeli tu. Ganda bado atakuwa nalo. Si hoja ya kumzuia kuchagua maji ya chumvi, ila ni vema ajue anachokipata, kwa sababu wapo wanaouziwa aina hiyo kwa maneno kwamba ni "ya asili". Hakuna kipandikizi cha asili.

Tofauti huanzia kwenye upasuaji wenyewe. Kipandikizi cha maji ya chumvi hukunjwa kikiwa kitupu, hupitishwa kwenye mpasuko mdogo wa takriban sentimita tatu, kisha hujazwa kwa mrija ulioshikizwa kwenye vali. Mrija ukichomolewa, vali hujifunga. Cha silikoni huingia kikiwa na ukubwa wake wote, hivyo mpasuko huwa mrefu zaidi, mara nyingi sentimita nne au tano. Mpasuko huo huwekwa kwenye mkunjo wa chini ya titi, pembezoni mwa duara jeusi la chuchu, au kwapani. Kwa wengi mkunjo wa chini ndio wenye manufaa zaidi. Kovu hufichwa na titi lenyewe, daktari huona vizuri anachofanya, na upasuaji wa marudio, ambao kwa wanawake wengi utakuja siku moja, huweza kupita hapo hapo.

Kujaza mezani kunampa daktari nafasi ya kusawazisha. Matiti ya wanawake wengi hayalingani sawasawa, na mililita ishirini au thelathini zinazoongezwa upande mmoja huweza kuondoa tofauti hiyo papo hapo. Kwa silikoni, daktari huchagua kati ya saizi zilizotoka kiwandani. Hata hivyo, kujaza maji kuna mipaka. Kiwanda huandika kiwango cha chini na cha juu kwa kila kipandikizi. Kikijazwa pungufu, ganda hujikunja na kujisugua mahali pale pale kila siku hadi litoboke. Kikipitishwa kiwango, hukakamaa na kingo zake hujikunja. Mwanamke anayeomba kijazwe kidogo tu ili kibaki laini anaomba kurudi kisuni mapema. Maji nayo yatoke kwenye chupa tasa na kupita kwenye mrija uliofungwa, yasimwagwe kwenye bakuli na kuvutwa kwa sindano, maana vijidudu na kuvu vimewahi kukutwa ndani ya vipandikizi vilivyotolewa.

Kuhusu mguso na mwonekano, silikoni hushinda kwa wanawake wengi. Jeli huwa na uzito wa mwendo unaokaribia nyama ya titi, ilhali maji hutembea upesi ndani ya ganda na kuacha mawimbi na makunyanzi yanayoweza kuhisiwa kwa vidole, na wakati mwingine kuonekana mtu anapoinama. Tofauti hiyo inategemea sana kilicho juu ya kipandikizi kuliko kilicho ndani yake. Mwanamke mwenye titi la wastani na mafuta ya kutosha chini ya ngozi anaweza kuwekewa maji ya chumvi chini ya msuli, na mtu mwingine asitambue. Mwanamke mwembamba, ambaye mbavu zake zinahesabika na titi ni dogo, atayaona makunyanzi ya maji ya chumvi hata akiwekewa na daktari hodari. Ndiyo maana daktari makini huibana ngozi ya sehemu ya juu ya titi kwa vidole na kupima unene wake kabla hajazungumzia saizi. Unene ukiwa chini ya sentimita mbili hivi, wengi hupendelea kukiweka kipandikizi chini ya msuli.

Saizi nayo hupimwa kwa upana wa kifua na uwezo wa ngozi kutanuka. Namba za sidiria si kipimo, kwa kuwa kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Kipandikizi kilichozidi upana wa titi husukuma ngozi, huivuta chini kadiri miaka inavyokwenda, na huonekana kingo zake, kiwe cha jeli au cha maji. Uzito pia hausaidii kuamua, kwani mililita 300 za jeli na mililita 300 za maji hulingana karibu kabisa mizanini. Na hofu kwamba kipandikizi hupasuka ndani ya ndege haina msingi.

Suala zito kuliko yote ni siku kipandikizi kitakapopasuka. Hakuna aina iliyotengenezwa ili ikae maisha yote. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, hadi mwanamke mmoja kati ya watano waliowekewa kwa ajili ya kuongeza ukubwa huviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Sababu si kupasuka peke yake, lakini kadiri kipandikizi kinavyozeeka ndivyo uwezekano wa ganda kuchoka unavyoongezeka. Binti wa miaka 25 anayewekewa leo atarajie upasuaji zaidi ya mmoja maishani. Hapo ndipo aina hizi mbili zinapoachana kabisa.

Kipandikizi cha maji ya chumvi kikitoboka hujulikana. Titi hupungua kwa saa kadhaa au siku chache, upande mmoja ukawa mdogo kuliko mwingine, na mwili huyanyonya maji yale bila madhara, kama unavyoyapokea kwenye dripu. Hakuna kipimo kinachohitajika. Kioo cha nyumbani kinatosha. Ganda tupu hubaki ndani na linahitaji kutolewa, na ni heri kutochelewa ikiwa mwanamke anataka kuwekewa jingine, kwa sababu mfuko wa kovu unaolizunguka huanza kusinyaa. Kutembea na titi moja lililoshuka kwa wiki kadhaa huku fedha za upasuaji zikitafutwa ni adha na aibu kwa wengi, na halipaswi kufanywa dogo. Lakini mwanamke anajua kilichotokea, na anajua siku ile ile.

Cha silikoni kinaweza kupasuka bila kutoa dalili yoyote. Jeli ni nzito na inashikamana. Ganda likichanika, mara nyingi hubaki pale pale, ikizuiwa na kovu ambalo mwili ulilijenga kuzunguka kipandikizi. Titi linabaki na umbo lake, haliumi, na hata daktari mwenye uzoefu hawezi kutegemea mikono yake kuligundua tatizo. Miaka inaweza kupita hivyo. Kwa baadhi, jeli hupenya kovu na kuingia kwenye nyama ya titi au kwenye tezi za kwapani, ikaleta uvimbe ambao kwa kuguswa hautofautiani na uvimbe wa saratani na hivyo kumtia mwanamke kwenye hofu na vipimo vya kuchukua kinyama. Jeli za siku hizi ni nzito kuliko zile za miaka ya 1970, zilizokuwa karibu na majimaji, na zipo zinazoshikamana kiasi kwamba kipandikizi kikikatwa kwa kisu hakichuruziki. Hilo hupunguza kusambaa, ila ganda lililochanika ni lazima bado litolewe.

Kwa sababu hiyo FDA inashauri mwanamke mwenye silikoni, hata kama hana dalili, afanyiwe ultrasaundi au MRI mwaka wa tano au wa sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. MRI ndiyo inayoona vizuri zaidi, na kwa kusudi hili haihitaji dawa ya kuchoma mshipani. Ultrasaundi ni nafuu na inapatikana kwa wepesi, lakini inategemea sana jicho na uzoefu wa anayeishika, na si kila mpimaji amewahi kuona kipandikizi kilichochanika.

Ratiba hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uamuzi, kuliko picha za kabla na baada zinazoonyeshwa kwenye simu. Mashine za MRI za Afrika Mashariki ziko zaidi kwenye miji mikubwa, na bima nyingi hazigharamii kitu chochote kinachohusiana na upasuaji wa urembo. Mwanamke anayeishi Nairobi au Dar es Salaam, mwenye kipato cha kumwezesha kupima kila baada ya miaka michache kwa miaka ishirini, anaweza kuchagua silikoni na kufaidi ulaini wake bila kujidanganya. Anayeishi mbali na vipimo hivyo, au ambaye fedha za upasuaji amezikusanya kwa taabu na hajui atapata wapi nyingine, ana sababu nzuri ya kuchagua maji ya chumvi, kwa kuwa mfuko wake hujitangaza wenyewe unapoharibika. Kuwekewa silikoni bila mpango wa kuipima ni kuchagua kutojua, na ushauri wa daktari asiyeligusa jambo hili kabisa haujakamilika.

Historia ya vipandikizi inaeleza kwa nini hofu imekuwa upande mmoja zaidi. Vya kwanza vya silikoni viliwekwa Houston, Texas, mwaka 1962, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow, wakitumia bidhaa ya kampuni ya Dow Corning. Vya maji ya chumvi vilifuata Ufaransa miaka michache baadaye. Wakati huo Marekani haikuwa na sheria ya kudai ushahidi wa usalama kwa vifaa vya aina hiyo. Sheria ilikuja mwaka 1976, wakati vipandikizi vilikuwa tayari vifuani mwa wanawake wengi. Malalamiko ya maumivu ya viungo, uchovu na magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia yaliongezeka, kesi zikafunguliwa kwa maelfu, na mwaka 1992 FDA ikazuia silikoni isipokuwa kwa waliofanyiwa upasuaji wa saratani na waliokubali kuingia kwenye tafiti. Mwaka 1995 Dow Corning iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kuyakabili madai.

Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilichapisha mapitio makubwa ya tafiti zilizokuwepo na kusema kwamba haikukuta ushahidi kuwa silikoni husababisha magonjwa hayo ya mwili mzima. Matatizo yaliyothibitika yalikuwa ya mahali penyewe, yaani kupasuka, kovu kukaza, maambukizi na kurudi kwenye upasuaji. Vya maji ya chumvi viliidhinishwa rasmi mwaka 2000, na silikoni ikarudishwa mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo kwa takriban miaka kumi na minne mwanamke wa Marekani aliyetaka tu kuongeza ukubwa alikuwa na chaguo la maji ya chumvi peke yake. Ndiyo maana aina hiyo imezoeleka Marekani kuliko kwingineko. Katika nchi nyingi nyingine silikoni ndiyo inayotawala, na mwanamke anaweza kukuta daktari wake hana uzoefu wa maji ya chumvi au hayaagizi kabisa. Hilo si kosa la daktari, ila linapaswa kusemwa wazi, lisije likavalishwa vazi la ushauri wa kitabibu.

Idhini ya Marekani iliweka pia umri. Kwa kuongeza ukubwa, maji ya chumvi ni kuanzia miaka 18 na silikoni kuanzia miaka 22. Kwa kujenga titi upya hakuna umri uliowekwa. Hata penye sheria tofauti, mipaka hiyo ina busara, kwa kuwa matiti ya msichana huweza kuendelea kubadilika baada ya miaka ya utineja.

Lile suala la magonjwa halikufa. Wapo wanawake, wenye silikoni na wenye maji ya chumvi, wanaoeleza uchovu usioisha, maumivu ya misuli na viungo, nywele kukatika, kusahau na kukosa umakini. Chanzo hakijathibitika na hakuna kipimo cha damu kinachotambua hali hiyo, lakini baadhi yao hupata nafuu vipandikizi vinapoondolewa. Mwaka 2021 FDA iliagiza dalili hizo ziandikwe kwenye onyo kuu la bidhaa zote mbili, na mgonjwa apewe orodha ya maswali ya kupitia pamoja na daktari kabla ya kutia saini. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba anajisingizia ni kumkosea heshima. Mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia tangu awali, au mwenye historia yake katika ukoo, afikiri mara mbili kuhusu aina zote.

Yapo mambo ambayo wengi huyahusisha na ujazo wakati ujazo hauna sehemu kubwa ndani yake. Kubwa ni uso wa ganda. Maganda mengine ni laini, mengine yana uso wa kukwaruza uliobuniwa ili kipandikizi kisizunguke. Mwaka 2011 FDA ilieleza uhusiano kati ya vipandikizi na saratani adimu ya mfumo wa limfu, inayojulikana kwa kifupi kama BIA-ALCL, ambayo huota kwenye kovu linalozunguka kipandikizi. Kadiri kesi zilivyokusanywa ilionekana kwamba karibu zote zinahusu ganda la kukwaruza, ndani yake kukiwa na jeli au maji. Ufaransa ilipiga marufuku maganda yenye mikwaruzo mikubwa mwezi Aprili 2019, na Julai mwaka huo kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya aina ya BIOCELL. Dalili ya kawaida ya BIA-ALCL ni titi kuvimba na kujaa majimaji miaka mingi baada ya upasuaji. Ikigunduliwa mapema, kuondoa kipandikizi pamoja na kovu lote hutosha kuwaponya wengi. Mwanamke anayechagua leo hana sababu ya kukubali ganda lenye mikwaruzo mikubwa, na aliyewekewa zamani asiyejua lake ni la aina gani atafute kumbukumbu zake. Kuondoa kipandikizi kisichokuwa na dalili kwa sababu ya hofu hiyo peke yake hakushauriwi.

Kovu kukaza ni tatizo linalozipata aina zote mbili. Mwili hujenga kovu kuzunguka kitu chochote kigeni; kwa wengi hubaki jembamba, kwa wengine huwa nene na kubana hadi titi likawa gumu, likapanda juu na kuuma. Madaktari hulipima kwa ngazi nne za Baker, na ngazi mbili za mwisho ndizo zinazompeleka mgonjwa kisuni tena. Usafi wa upasuaji, kuzuia damu kuvujia ndani na kutovuta sigara vina uzito zaidi hapa kuliko kilichomo mfukoni.

Kwa aliyeondolewa titi kwa saratani, hesabu hubadilika. Chini ya ngozi iliyobaki hakuna nyama ya kufunika makunyanzi, na ndiyo sababu madaktari wengi wa upasuaji rekebishi hupendelea silikoni kwa hatua ya mwisho. Mara nyingi hatua ya kwanza ni puto la kutanua ngozi, linalojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kupitia vali iliyo chini ya ngozi, kisha hubadilishwa na kipandikizi cha kudumu zaidi. Mengi ya maputo hayo yana sumaku ndani ya vali, hivyo mwanamke aliye nalo asiingizwe kwenye MRI kabla ya kuwaambia wahudumu; ni vema ndugu anayemsindikiza naye ajue.

Mionzi ndiyo inayovuruga mipango zaidi. Titi lililopigwa mionzi hukaza kovu mara nyingi zaidi, ngozi hupoteza uwezo wa kutanuka, na kidonda hupona polepole. Katika Tanzania na Kenya wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa, na wengi wao huhitaji mionzi. Kwao swali la silikoni au maji ya chumvi huja baada ya jingine: je, inafaa kipandikizi chochote, au ni heri kutumia nyama, ngozi na mafuta ya tumboni au mgongoni mwao wenyewe? Upasuaji huo ni mrefu na unahitaji daktari aliyebobea, lakini tishu hai huvumilia mionzi kuliko mfuko. Daktari wa upasuaji na daktari wa mionzi wanapaswa kuzungumza kabla ya mpasuko wa kwanza. Wapo pia wanaoridhika na titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria, na wapo wanaobaki bila kitu. Yote mawili ni maamuzi kamili.

Anayetarajia kuzaa na kunyonyesha aseme hivyo mapema. Wanawake wengi wenye vipandikizi hunyonyesha, lakini mpasuko wa pembezoni mwa chuchu huweza kukata mirija ya maziwa na mishipa ya fahamu, hivyo mkunjo wa chini ni salama zaidi kwake. Haijathibitika kwamba silikoni ya kipandikizi huingia kwenye maziwa na kumdhuru mtoto. Ujauzito hubadilisha titi kwa nguvu, kwa hiyo mwenye nia ya kuzaa karibuni angefaidika kusubiri, na aliyemaliza kunyonyesha asubiri miezi kadhaa hadi matiti yatulie.

Uchunguzi wa saratani unaendelea kama kwa wanawake wengine. Kipandikizi huziba sehemu ya titi kwenye picha ya mamogramu, hivyo mpimaji aambiwe kabla ya kuanza. Atakisukuma nyuma na kuvuta nyama ya titi mbele, na kupiga picha za ziada. Kipandikizi kilicho chini ya msuli huzuia picha kidogo kuliko kilicho juu yake. Mwenye umri au historia ya ukoo inayodai mamogramu aipige kabla ya upasuaji, ili picha ya zamani iwepo ya kulinganishia.

Bidhaa yenyewe inahitaji kuulizwa kwa jina. Kampuni ya Kifaransa ya Poly Implant Prothèse, PIP, ilijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa matumizi ya binadamu, ikaviuza katika nchi nyingi hadi wakaguzi walipoifikia mwaka 2010. Maganda yake yalichanika mapema, na makadirio ni kwamba wanawake wapatao 300,000 duniani walikuwa nayo. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Wengi hawakuweza hata kujua kama wao ni miongoni mwa walioathirika, kwa sababu hawakuwa na karatasi yoyote. Baada ya kashfa hiyo Uingereza ilianzisha daftari la taifa la vipandikizi mwaka 2016.

Kwa hiyo kadi ya kipandikizi, yenye jina la kampuni, modeli, aina ya ganda, ujazo na namba ya utambulisho, idaiwe kabla ya kuondoka hospitali na itunzwe pamoja na hati nyingine muhimu, nakala yake ikiwa kwenye simu na kwa mtu wa karibu. Aliyefanyiwa India, Uturuki au Dubai anaihitaji zaidi, maana daktari wa Mombasa au Mwanza atakayekuta titi limevimba miaka kumi baadaye hana pengine pa kuuliza. Kwa upasuaji wa nyumbani, ni haki ya mgonjwa kuuliza kama bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania au Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, na kama daktari ni bingwa wa upasuaji rekebishi aliyesajiliwa. Yeyote anayetaka kuchoma silikoni ya majimaji kwa sindano moja kwa moja ndani ya titi hatoi kipandikizi cha aina yoyote. Ni hatari inayoacha vidonda na uvimbe usiotoka, na akataliwe.

Bei hupimwa kwa jumla ya miaka. Maji ya chumvi kwa kawaida ni nafuu siku ya kwanza. Silikoni huanza juu na kuongeza gharama za vipimo. Zote zinaongeza gharama ya kubadilisha. Dhamana za viwanda hutoa kipandikizi kipya kinapopasuka, lakini ada ya daktari, ya nusukaputi na ya chumba cha upasuaji mara nyingi hubaki juu ya mgonjwa au hulipwa kwa sehemu tu, na masharti yake yasomwe mstari kwa mstari.

Kuondoa bila kuweka vingine kunawezekana wakati wowote kwa aina zote, na daktari aeleze matokeo yake kabla ya upasuaji wa kwanza. Ngozi iliyotanuliwa kwa miaka haijirudishi yote. Titi hushuka, hukunjamana, na pengine huhitaji upasuaji wa kuliinua. Kovu la ndani si lazima litolewe lote, isipokuwa pale panaposhukiwa BIA-ALCL, linapokuwa limekaza au pale jeli ilipovujia humo. Kwa maji ya chumvi, daktari huweza kuyatoa kwanza kwa sindano kliniki, mwanamke akaona umbo litakalobaki, akaamua akiwa macho kama anataka kuendelea. Kwa jeli hilo haliwezekani.